Chapa Moja, Mtu Mmoja

Kompyuta ile ilikuja Isiolo mwishoni mwa miaka ya themanini, ikapewa chumba chake peke yake na kufunikwa kitambaa, utafikiri bi harusi. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kuilisha habari za mradi wa mifugo: jina la mwenye ngamia, anakochungia, chapa ya ngamia wake. Mwaka huo ugonjwa wa nzi, ule unaoua ngamia, ulikuwa umeingia Sericho, na huko ndiko baba yangu alikokuwa na ngamia wake wote. Usingizi ulinipaa.

Asubuhi moja mtaalamu kijana kutoka Nairobi akaongeza sharti kwenye jedwali: chapa ikishaingia kwa jina la mtu mmoja, isikubaliwe kwa mwingine. Alisema watu wangejiandikisha mara mbili ili wapate dawa ya ugonjwa huo mara mbili.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "kwetu chapa si ya mtu, ni ya ukoo mzima. Ngamia akipotea, yeyote wa ukoo akiiona hiyo chapa anamrudisha nyumbani."

"Dada, jedwali lazima liwe safi."

Safi! Nilitamani kumzaba kofi. Nilimwandika mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Wabera hapa mjini, mtu wa ukoo wetu, kompyuta ikakubali. Nikamwandika baba. Ikalia piii, ikakataa. Nikajaribu tena. Piii. Nilijua kuna jambo baya linakuja, na ofisi nzima ilikuwa inakunywa chai.

Nilimwendea mkubwa wa ofisi, akanituma nikafanye kazi yangu. Nikamkimbilia dereva wa lori la dawa.

"Wallahi, dada, sindano zimetolewa stoo kwa majina yaliyo kwenye karatasi ya mashine," akasema. "Asiyekuwa humo hana dawa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Astaghfirullah! Lori liliporudi kutoka Sericho, yule kijana alifurahi sana kwa sababu sindano zililingana na karatasi, hakuna iliyozidi wala kupungua.

Baba alifika mjini wiki kadhaa baadaye. Nilimwona dirishani akija polepole, moyo ukanipasuka kabla hajafika mlangoni. Mzee huyo hakuwahi kuja Isiolo bila ngamia wa mizigo. Sasa alikuwa peke yake, kamba ya kuongozea ngamia ikining'inia begani.

"Salaam aleikum, binti yangu," akasema. "Hii kazi yako bado ipo?"