Jaketi lilikuwa chini ya kaki

Leo nimeona mtaalamu akimeza maneno yake, na hakuwa hata na chai ya kusukumia.

Shosho mmoja, nyanya wa huko Tetu, alileta riwaya ya marehemu mumewe kwenye meza yangu ya vitabu hapa Nyeri. Jalada gumu, toleo la kwanza, miaka ile ya uhuru. Anatafuta pesa za mabati ya jikoni.

Mnunuzi kutoka Nairobi, mtaalamu wa vitabu vya zamani, akaipindua mara mbili.

"Shosho, kitabu haina ile jaketi ya rangi ya juu. Hii ni ya kufungia nyama."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kaki, ile karatasi ya kahawia iliyofunika jalada. (Mnakumbuka kaki za shule?)

"Shosho, nani alifunika?"

"Mzee. Alikuwa mwalimu. Hata Biblia alifunika, ati isichafuke."

Nikaifunua polepole. Chini yake, jaketi! Jekundu, bila mkunjo, kama limetoka dukani jana.

Mnunuzi akakohoa. "Basi tuongee, shosho wangu."

(Wangu!)

"Ongea na bucha kwanza," shosho akamjibu.

Amelipa bei ya mabati, na misumari juu. Kaki shosho ameenda nayo. Iko na jina la mzee, kwa mwandiko wake.

Kwenu kuna nini chini ya kaki? Semeni.