Mteja Ambaye Kompyuta Haikumsikia

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko mbaya na maneno niliyokosea. Niliishia darasa la nane na naandika polepole. Barua hii imenichukua jioni tatu. Lakini ninayoandika yalitokea, na yalinitokea mimi, hapa Kitengela, mchana, mlango ukiwa wazi. Sikusimuliwa na mtu.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Shiro, mwanamke wa Murang'a aliye na duka la kompyuta karibu na mafundi wa kuchomelea milango. Mwanzo kazi yangu ilikuwa kufagia na kutoa kopi, kwa sababu kuchapa sikuweza. Kisha akaleta programu mpya. Unavaa spika za kichwani zenye maiki, unaongea Kiswahili, na kompyuta inaandika yenyewe. Chini ya skrini kuna kamstari kanachorukaruka kakisikia sauti. "Kama unaweza kusengenya, utaweza kuandika," Mama Shiro aliniambia. Mimi ni mtu wa haya, hata kusengenya sijui, lakini nilijifunza. Watu walileta barua za chifu, za shule, za kuomba kazi. Wao wanasema, mashine inaandika, mimi narekebisha. Wengine wakaanza kuniita madam.

Siku hiyo ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya vumbi na wingu lisilotoa mvua. Mama Shiro alikuwa ameenda sokoni. Akaingia mwanamke wa Kimasai, si mzee, shuka ya bluu imefungwa begani. Akaniamkua kwa Kimaa, nikajibu kwa kile kidogo ninachojua, kisha tukaendelea kwa Kiswahili. Alitaka barua kwa mume wake. Wako na boma upande wa Isinya, na mume anataka kuliuza. Watoto wao wawili wanakaa hapo na nyanya yao. Likiuzwa hawana pa kwenda. Akasema mume atakuja kwetu kesho kutoa kopi za hati ya shamba, nimpe hiyo barua mkononi.

Nikamvalisha maiki. Akaanza kusema. Skrini ikabaki nyeupe.

Nikajaribu mwenyewe: moja, mbili, tatu. Ikaandika. Nikamrudishia. Akasema tena, na mimi nilimsikia vizuri, vile nasikia mtu yeyote. Lakini kamstari kalikuwa kamelala. Niamini. Jirani akiwasha mashine ya kukata chuma, kanaruka. Pikipiki ikipita barabarani, kanaruka. Huyu mama akisema, kanalala. Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiria ni mtandao. Nilipomvua zile spika, zilikuwa baridi kama soda ya friji.

Hakushangaa hata kidogo. "Nakerai," akasema, ndivyo Wamasai wanavyomwita mtoto, "hiyo kitu hainisikii. Niazime sauti yako."

Na mimi nikajibu vile tunavyomjibu mtu akiomba kalamu au kiti. Nikasema, "Chukua tu, mama."

Akawa anasema sentensi, mimi naisema kwa maiki, kana kwamba mimi ndiye yeye. Mimi Nasieku, mke wako. Uliniahidi nikiwa kitandani, ukiwa umenishika mguu kwa sababu mikono iliniuma, kwamba watoto hutawaondoa hapa. Maneno yalikuwa machache, lakini yalinitoka kooni na uchungu ambao si wangu. Nikaitoa ile karatasi kwa printa, nikageuka nimwonyeshe, na kiti kilikuwa kitupu. Wale mafundi wa kuchomelea, walio karibu na mlango wetu, waliniambia hawajaona mtu akiingia wala akitoka.

Kesho yake mume alikuja kweli, amebeba hati kwenye bahasha. Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mstari, kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima, na viti vipo.

"Nani amekupa haya maneno?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mke wake, jana, na shuka ya bluu.

"Mke wangu tulimzika mwaka juzi," akasema. "Na siku hiyo ya mguu tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba."

Akachukua hati yake bila kutoa kopi, akaenda. Nasikia boma halijauzwa na watoto bado wako hapo. Hilo nalifurahia, sisemi uongo.

Lakini mteja aliyefuata alipokaa, nilivaa maiki nikasema moja, mbili, tatu, na skrini ikabaki nyeupe. Mama Shiro akanicheka, akauliza kwani leo nanong'ona, niseme kama mtu aliyekula. Akajaribu yeye, ikaandika. Tukabadilisha maiki, tukabadilisha kompyuta, tukajaribu simu yake. Kamstari kalilala. Watu wananisikia uso kwa uso, lakini hakuna mashine inayonisikia tena. Mwisho wa mwezi aliniachisha kazi. Sasa nafulia watu nguo.

Kazi si kitu. Mama yangu yuko Butere, nauli ya kufika huko sina, na yeye hajui kusoma. Kila Jumapili ananipigia. Namsikia akisema haloo, haloo, mbona unanyamaza, nimekukosea nini? Mimi nalia kwa sauti na yeye anasikia hewa tu. Nilimtumia ujumbe akasomewa na jirani, na jirani akanijibu kwamba mama anasema huyo si mimi, mtoto wake angeongea. Jumapili mbili zilizopita hakupiga.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama kazi yako ni hizi mashine za kuongelesha, angalia kamstari. Mtu asiposikika, usiseme kwa niaba yake, hata akiwa na watoto, hata akikuita mtoto. Mwambie aende.

Na kama unatoka pande za Butere, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili, nikuelekeze kwa mama. Nataka mtu aende akamwambie kwa mdomo wake kwamba sijanyamaza. Kisha uniandikie alichojibu. Andika, usinipigie.