Mguu Uliokuwa Mzima

Mimi naongea sana. Soko yote ya Kosele inajua. Kutengeneza simu nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua za watu na kuziharibu zaidi, lakini mdomo nilizaliwa nayo. Ndio maana ndugu yangu mkubwa alipoanguka na boda akavunjika mguu wa kulia, mimi ndiye alikuwa ananituma dawa.

Hospitali walimpa tembe kali za maumivu, za wiki moja. Zikaisha.

"Omera, ndugu yangu, niendee kemisti," akaniambia. "Bila hizo siwezi."

Dada wa kemisti akataka karatasi ya daktari.

"Imeloa, dada yangu. Mvua ya jana si uliiona? Ama unataka mtu alie na maumivu kwa sababu ya karatasi?"

Akacheka, akanipa. Nikarudi wiki iliyofuata, na ile ingine.

Sasa, ndugu yangu hakuanza kuugua siku ya ajali. Tangu tuzike mama alikuwa anakaa mlangoni asubuhi, helmeti mkononi, hata masaa mawili, hatoki. Watu wakicheka kwa steji ya boda, moyo inampiga mpaka anashika ukuta. Pasta aliomba. Shangazi alisema ni chira, kwamba kuna mila tulivunja. Mimi nilisema amechoka tu, na aliyesema kichwa yake haiko sawa tulikosana naye.

Zile tembe zilimtuliza. Alilala, akakula. "Zinanyamazisha," aliniambia. Nikadhani anaongea juu ya mguu.

Plasta ya mguu ilikuwa imetolewa kitambo siku alikuja kwa kibanda yangu ya simu akichechemea. Jamaa mmoja wa boda akapiga kelele: "Wee! Umehamisha maumivu? Jana si ilikuwa mguu wa kulia?"

Watu wakaangua kicheko. Nikaangalia. Kweli, alikuwa anachechemea na mguu wa kushoto.

Niliona. Hapo sitajitetea. Niliona, halafu nikaacha simu ya mtu wazi mezani nikaenda kumshika huyo jamaa shati. "Rudia! Rudia kama wewe ni mwanaume!" Wakatutenganisha. Na hiyo hasira yote nikaenda moja kwa moja kemisti, nikamnunulia zingine.

Siku chache baadaye nilimkuta mchana kwa kiti, uji imemwagika kwa mapaja. Naita, haitiki. Anapumua polepole sana, na midomo imebadilika rangi. Tulimkimbiza hospitali ya Homa Bay, wakamdunga sindano, akaamka.

Kesho yake daktari, mama mmoja mpole, akamuuliza ni nini ilikuwa inamfanya ameze nyingi hivyo.

"Ni mguu, daktari. Bado inauma."

Halafu akaniangalia. Hayo macho nayajua tangu tukiwa watoto. Ni ya kuniambia nimfunike kwa baba. Na nilimfunika kila mara, hata nikichapwa.

Daktari akanigeukia. "Na wewe, kuna kitu unajua?"

Nikasema, "Mguu ilipona. Anachechemea na ule mzima. Na dawa, ni mimi nilikuwa namnunulia kwa uwongo." Nikaongeza ya mlangoni, ya helmeti, ya moyo kupiga.

"Umeniuza," ndugu yangu akasema.

Daktari hakutugombeza. Alisema kichwa ilianza kuugua kabla ya mguu, na huo ni ugonjwa kama malaria, unatibiwa. Mtu akiwa nao, hizo tembe zinamshika haraka, kwa sababu zinanyamazisha yote. Akasema watatibu zote mbili pamoja, kichwa na hiyo kiu ya tembe, na zile tembe nisimletee tena hata akilia.

Alilia. Akanitukana kwa Kijaluo mpaka majirani wakatoka. Sikuleta. Wiki tatu hakunisalimia, na kila siku ya kliniki nilienda na yeye hivyo hivyo, nikinyamaza.

Juzi nilimkuta mlangoni tena, helmeti mkononi. Nikakaa kando yake, nikangoja.

"Omera," akasema, "siku hizi uko kimya. Wewe pia ni mgonjwa?"

Nikamwambia avae viatu, tunachelewa kliniki. Akavaa.