Nilipokulaza Juu ya Kinanda cha Kanisa

Ninaikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku nilipokulaza juu ya kinanda cha kanisa, na kinanda kikaendelea kupiga ngoma zake za umeme kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulikuwa kwenye mstari nje ya kanisa. Kesho yake kulikuwa na ubatizo, na kwetu wazazi huitwa siku moja kabla waelezwe wasimame wapi, nani amshike mtoto, msimamizi ajibu nini. Tulikuwa akina mama kama kumi hivi, upepo wa mlimani unatupiga hadi kwenye mifupa. Mzee Tluway amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari magotini. Huyu amekuwa mzee wa kanisa tangu mimi sijazaliwa. Zamu yangu ilipofika nikakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Utakua katika nchi hii na utajua maana yake mtu mzima akiinyamazia shikamoo yako. Anakufuta. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, ndipo akasema bila kuninyanyulia macho, "Wewe bado hujarudi kundini."

"Nimekaa benchi la nyuma miezi minane, mzee. Meza ya Bwana sijaigusa. Kimebaki nini tena?"

"Kusimama mbele. Kesho baada ya matangazo utasimama useme kwa mdomo wako ulichofanya, kanisa likusikie. Ukishasamehewa wewe, mtoto tutamwangalia ubatizo ujao."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Aseme nini naye, si amekibeba mgongoni tunakiona?" Wenzake wakacheka, mikono mdomoni.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa subira yangu, na hata sikumgombeza yule mama. Ndani ya kanisa kwaya ilikuwa mazoezini. Na baba yako, ninakuandikia leo usije ukaambiwa na watu kisimani, ndiye mwalimu wa kwaya. Miezi ile minane niliyokaa nyuma karibu na mlango, yeye alikuwa mbele na joho lake, akipunga mikono, akituimbisha habari za damu ya Mwanakondoo. Hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimba ni ya nani. Walijua. Aliyejua zaidi ni Mzee Tluway, maana ni mjomba wake. Mimi nilinyamaza kwa sababu baba yako aliniambia, "Nipe muda." Nikampa muda. Mimba nayo ikafuata muda wake.

Basi nikakufungua mgongoni, nikaingia nawe, nikapita katikati ya sauti ya kwanza na sauti ya pili, nikakulaza juu ya kinanda. Ulikuwa na miezi mitatu. Ulipiga teke, ikalia sauti nene kama trekta.

"Mwalimu," nikamwambia, "huyu naye anataka kurudi kundini. Mfundishe wimbo."

Mwanamume mmoja wa besi akacheka, halafu akageuza kicheko kuwa kikohozi. Baba yako aliangalia vidole vyake, akaangalia mlango, akasema, "Mtoe mtoto, ataharibu kinanda."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kusema juu yako mbele ya watu. Nimeyaandika jinsi yalivyo.

Najua nasaha hutolewa na wenye mvi. Mimi sina hata unywele mmoja mweupe, elimu yangu ni kidato cha nne, na sina hamu ya kungoja uzee ndipo niseme. Nikingoja nitakuwa nimelainika, nitakuambia mambo yalikuwa mazuri. Hayakuwa mazuri. Lakini kabla hujaanza kumchukia Mzee Tluway kwa niaba yangu, subiri kidogo, kuna jambo langu hapa katikati ambalo ningependa kuliruka, na siliruki.

Nilipomaliza shule nilichaguliwa katibu wa vijana pale kanisani, kwa sababu ya mwandiko na sauti. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kusoma matangazo, na mwisho wa matangazo kulikuwa na majina ya waliotengwa. Nilisoma kama mtangazaji wa redio. Jumapili moja nilisoma jina la Paskalina. Tulikuwa tumekaa dawati moja, tulikula makande kwenye bakuli moja, na nilijua tangu mwezi mmoja nyuma kwamba ana mimba kwa sababu aliniambia mimi, peke yangu, tukiwa tunapura maharage. Mimi ndiye niliyepeleka habari kwa wazee. Hawakuniuliza. Nilipeleka mwenyewe, nikaita hiyo kumfuata Yesu. Nilipotamka jina lake nilinyamaza kidogo kabla na kidogo baada, ili liingie vizuri. Alikuwa benchi la tatu. Aliinuka, akavuta khanga yake, akatoka.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Bibi yangu, huyo uliyepewa jina lake, Naomi, alikuwa anachekecha unga. Hakunitazama.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sauti kama hiyo niliisikia siku walipomtoa dada yangu."

Nikamuuliza dada yupi, maana sikuwahi kusikia. Akanieleza, polepole, kati ya chekeche moja na nyingine. Zamani huku kwetu, kabla ya kanisa, msichana akipata mimba nyumbani kwao alitolewa. Asiukaribie moto wa watu, asichote maji walipochota watu, ng'ombe wa kwao wasichanganyike na wa jirani, maana waliogopa mkosi. Akaishi kando, mpaka apatikane mtu wa mbali wa kumchukua, mara nyingi mtu wa kabila jingine. Dada yake bibi alichukuliwa hivyo. Hakuna aliyemwona tena.

"Tulipobatizwa," bibi akasema, "mimi nilifurahi kuliko wote. Nilidhani hilo limekwisha. Leo nimelisikia tena, na aliyelisema ni mjukuu wangu, tena kwa kipaza sauti."

Nilimjibu kwamba hii ni nidhamu ya kanisa, si mila. Alimwaga pumba, akaingia ndani. Sikuonywa tena na mtu maishani mwangu kwa upole kiasi hicho, na sikusikia kitu. Bibi alikufa kabla sijasikia.

Kwa hiyo baada ya ile Jumamosi ya kinanda, siku ya mnada nilikubeba nikaenda sokoni Katesh kumtafuta Paskalina. Nilijua anauza mitumba. Nilimkuta ameinama kwenye rundo la masweta, akanitambua kabla sijafungua mdomo.

"Katibu!" akapaza sauti, wateja wakageuka. "Umekuja kunisomea tena? Ngoja niwanyamazishe watu basi, usome vizuri!"

Nikamwambia nimekuja kwa jambo langu. Akakuona mgongoni. Akatazama mkono wangu, hauna pete. Akaguna kwa kirefu.

"Na wewe? Wewe na gauni lako la kufunika mpaka kwenye vifundo vya miguu?"

"Na mimi."

"Nani?"

Nikamtajia. Alicheka mpaka akakalia masweta yake. "Yule anayefumba macho akiimba! Si nilisema, yule hafumbi kwa ajili ya Mungu?"

Alimwachia jirani biashara, akanipeleka anakokaa, Jorodom, chumba kimoja ambacho ukuta wake bado una mstari wa matope usawa wa kiuno. Mwanawe yuko darasa la kwanza na hajabatizwa. Nilipomuuliza sababu alinyoosha kidole kwenye ule mstari. "Siku zile mlima ulipoporomoka na matope yakaingia majumbani, wazee wale wale walikuja hapa na mablanketi. Mzee Tluway mwenyewe alinifunika mabegani. Hakuniuliza kama nimerudi kundini. Nikasema moyoni, kumbe wanajua. Kumbe wakitaka wanajua kabisa namna ya kufanya. Jumapili yake nikaenda kanisani, wakanionyesha benchi la nyuma. Tangu siku ile sijakanyaga."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, hayakutoka hata moja, nikasema tu kwamba ni mimi niliyepeleka habari kwa wazee.

"Najua," akasema. "Nilikuambia wewe tu."

Wewe ukaanza kulia. Akakufungua mgongoni mwangu, akakutikisa, akakusemesha kwa lugha yetu ile ya nyumbani. Halafu akanimiminia uji, akausogeza mbele yangu.

"Sijakusamehe," akaniambia. "Usijidanganye. Kunywa uji."

Mwanangu, nimekaa kwenye mafundisho ya kipaimara miaka miwili. Nimejibu maswali ya neema mpaka nikapewa cheti. Neema ni nini, nikajibu, inapatikanaje, nikajibu. Kikombe kile cha uji ndicho kilichonifundisha nilichokuwa nakijibu. Mtu aliyeumizwa na mimi, jeraha bado bichi, hataki kujifanya limepona, na bado anaona nina njaa, ninanyonyesha. Alinipa kwanza. Yaliyobaki aliyaacha yangoje.

Na Yesu ninayemsoma mimi alikuwa hivyo hivyo. Alikwenda kula nyumbani kwa watu wenye majina mabaya wakati majina yao bado ni mabaya. Hakuwaambia wamalize miezi minane kwanza. Yule mwanamke waliyemfumania wakamburuta mbele yake, walimleta peke yake, kana kwamba alikuwa amezini na ukuta. Nimesikia mahubiri juu ya habari hiyo zaidi ya mara saba na sijawahi kumsikia mhubiri akiuliza mwanamume yuko wapi. Nimeuliza mimi, kwa kinanda, nikaitwa mwenye pepo.

Sasa nasaha zenyewe, usije ukasema mama alilalamika tu.

Dhambi nilifanya. Nilijua ninachofanya na nilikifanya, usimruhusu mtu akuambie mama yako alidanganywa kama mtoto. Nimetubu, chumbani, kwa machozi, na Mungu si kiziwi. Ukianguka, tubu siku hiyo hiyo, usingoje kuruhusiwa. Ila usikubali toba yako iwe maonyesho ya kuwafurahisha wasiotubu. Mtu akikuambia siri yake mkiwa mnapura maharage, ife hapo hapo kwenye maganda. Ukipewa kipaza sauti, tazama kwanza ni nani atakayetoka nje ukishamaliza kusoma. Usiolewe na mwanamume anayekuomba muda wakati tumbo halimngoji. Na usiliache kanisa. Hili najua litakushangaza. Paskalina ameliacha na simlaumu, mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha mlango. Lakini nimekataa kumwachia Mzee Tluway nyumba ya Mungu kama ng'ombe wa urithi. Nitakaa humo na hasira yangu. Yesu alikuwa nayo hasira ndani ya hekalu, wala hakuishusha sauti.

Hasira hii sijaimaliza. Ninaomba usiirithi. Mungu aliyekuona ukipiga teke pale juu ya kinanda akubariki, Naomi wangu. Akupe marafiki wasiopeleka habari. Akupe moyo wa kumpa uji mtu usiyemsamehe bado. Akuite kwa jina lako, mapema, bila kunipitia mimi.

Barua ya malalamiko niliyomwandikia Mkuu wa Jimbo la kanisa letu nimeipeleka mwenyewe Mbulu, ofisini kwake. Dada wa mapokezi aliisoma yote akiwa amesimama, akanitazama, akagonga muhuri wa kupokelewa. Nakala yangu ni hii.

*

Kwa Mkuu wa Jimbo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO KUNYIMWA UBATIZO

Bwana Yesu asifiwe. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkristo wa usharika ulioko chini yako. Ninalalamika kwamba mtoto wangu Naomi, mwenye umri wa miezi mitatu, ameondolewa kwenye orodha ya ubatizo kwa kosa ambalo si lake. Ninalalamika kwamba nimetakiwa kueleza dhambi yangu mbele ya kanisa zima, wakati mwanamume niliyeshirikiana naye hajatakiwa hata kuhama kiti.

Ninalalamika pia juu yangu mwenyewe. Nikiwa katibu wa vijana nilitoa siri ya mwenzangu na kusoma jina lake hadharani. Yeye na mwanawe wako nje ya kanisa hadi leo. Hilo lichunguzwe pamoja na haya.

Siombi baba wa mtoto atengwe. Nimekaa kwenye benchi hilo na halimtengenezi mtu. Ninaomba mtoto abatizwe katika ubatizo ujao bila masharti, na siku hiyo baba yake atoke kwenye kwaya, asimame penye maji ya ubatizo karibu na mwanawe, na jina lake liandikwe kwenye cheti.

Nikikataliwa, naomba nijibiwe kwa maandishi, sababu zikitajwa, na sahihi ya aliyekataa.

Wako katika Bwana,
Mama Naomi

Nakala:
Mchungaji wa usharika
Mzee Tluway, mzee wa kanisa
Mwalimu wa kwaya, ambaye ni baba wa mtoto