Chokaa ya Wakaguzi

Chuoni kwetu Nachingwea kulikuwa na desturi ninayoichukia mpaka leo: wageni wa mkoa wakija, tunapaka chokaa mawe ya njiani. Darasa linavuja, lakini mawe yanameta. Miaka ya elfu mbili, nikiwa fundi pekee wa kompyuta hapo, chokaa hiyo niliipaka mimi.

Mashine iliyotunza alama za wanafunzi ilikuwa na tundu kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamua nani aguse nini. Mwanafunzi yeyote aliyelijua angeweza kujigeuza mkuu wa mashine, akaandika humo kwa jina la mtu mwingine. Kiraka, yaani programu ya kuliziba, nilikuwa nacho kwenye sidii. Nikaandika dokezo kwenye faili kuomba ruhusa. Mkuu wa chuo akaandika pembeni mwa dokezo, "Tuzungumze." Hatukuzungumza. Sidii ikalala kwenye droo.

Miezi minne baadaye alama zikabadilishwa, na jina lililokutwa humo lilikuwa la karani wa mitihani, dada wa Ruangwa, mtu asiyeondoka hata na kalamu ya ofisi. Mkoa ukatuma wakaguzi.

"Kijana, ziba hilo tundu kabla hawajafika," mkuu aliniambia. "Tusije tukaaibika."

Nikaziba. Nilifuta kiini cha zamani, nikaweka kipya, nikajiona fundi kwelikweli. Mpumbavu mimi.

Kikaoni nilisimama kumtetea yule karani. Nikasema si yeye, mashine ilikuwa na tundu.

"Tuonyeshe," mkaguzi akasema.

Nilijaribu mara tatu mbele yao, na mara zote tatu mashine ikanikatalia. Nikaeleza kwamba nililiziba juzi.

"Kwa agizo la nani?"

Nikamtazama mkuu. Alikuwa anaangalia dirishani. Faili lenye dokezo langu, siku hiyo, halikuonekana. Nikaogopa kumwaga unga. Nikasema nilijiamulia mwenyewe, na wao wakaandika kwamba ninamkingia kifua mwenzangu. Dada akafukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Mimi nilipewa onyo, nikabaki na mshahara wangu.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta gulioni Ruangwa akiuza mbaazi. Alinipimia, kisha akaniongezea kiganja kizima bila kuombwa. Nilitamani anitukane.

"Kaka," akauliza huku akifunga mfuko, "ile mashine yenu ilipona?"

"Ilipona, dada," nikasema.