Nilimsingizia mama mkwe kuua ruta

Leo nimemwomba mama mkwe msamaha, fundi akisikia kwenye simu.

Asubuhi Wi-Fi ilikuwa inashika, lakini hakuna tovuti iliyofunguka. Jana mama alikuwa amefuta vumbi kwenye ruta, basi nikamwambia, "Mama, umeiharibu."

Mama akaanza kufunga begi arudi kwake Busanza.

Nikampigia fundi, simu ikiwa kwenye spika.

"Nisomee namba za DNS, zile zinazoitafutia ruta anwani za tovuti."

Nikasoma.

"Hizo zimekosewa. Nani aliziweka?"

Mimi. Jana usiku, nikifuata video ya kuongeza kasi. 🙈

Nikarudisha za zamani, kila kitu kikafunguka.

Mama naye akafungua begi. "Mkwe wangu, siendi tena. Nabaki kuilinda ruta."