Makaripio ya Bibi Radi Yapimwa

Huyu ndiye Bibi Radi, binti wa mpiga kengele wa shule, mjane wa fundi viatu, dobi aliyestaafu kwa kupenda na si kwa kuchoka. Aliyemteremsha mwizi kutoka juu ya paa kwa maneno matupu. Aliyemrudisha dereva wa lori kinyumenyume mtaa mzima aje aombe radhi kwa kurushia tope shuka alizoanika. Aliyewanyoosha watoto wa watu kwa ulimi bila kuinua fimbo. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, limeandikwa kwenye cheti, na halijapata kumtisha mtu. Radi ndilo lililoshika.

Kazi ya kukaripia ilianza kwa mtoto wa fundi saa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mtoto alishika mkia katika hesabu, mama yake akaja analia. Bibi Radi alikuwa anakamua blanketi. Akasema, "Mlete hapa." Mtoto akaletwa, akapewa maneno mpaka akasahau njia ya kwao, na mtihani uliofuata akapanda. Habari haikulala. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi baraza la Bibi Radi lilijaa akina mama na watoto wao, na watoto wenyewe ni wale walioanguka vibaya kuliko wote, maana nani atampeleka kwa Bibi Radi mtoto aliyeteleza kidogo tu? Na karibu wote walipanda.

Jambo moja alilikataa katakata: kusifu. "Sifa huwatelezesha watoto," alisema, na ushahidi alikuwa nao. Kila mtoto aliyeng'ara akapigiwa makofi, mtihani uliofuata alishuka. Hata mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, siku aliyorudi na habari kwamba amekuwa wa kwanza darasa zima, aliambiwa, "Haya. Vyombo vile havitajiosha." Mjukuu akaosha vyombo, akasoma, akaosha vyombo, akafika chuo kikuu, kwenye elimu na saikolojia.

Ng'ambo ya barabara alikaa kinyozi, na kinyozi naye alikuwa na kipaji chake: kukomesha mvua. Mvua ilipozidi kabisa, alitoka na sufuria mbovu na mwiko, akaigonga ngwa-ngwa-ngwa hadi mvua ipungue, kisha akawainamia watu kama mwimbaji jukwaani. Bibi Radi alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Hebu mtazameni! Mvua ikianza haonekani. Ikiwa ya kawaida yumo ndani ananyoa watu. Anangoja imwagike kupita kiasi ndipo anatoka. Sasa mvua ya namna hiyo itakwenda wapi kama si kupungua?"

"Lakini si inapungua, jirani?" kinyozi alijibu huku akifuta sufuria yake.

"Inapungua, ila si kwa ajili yako!"

Basi mjukuu alipofika mwaka wa utafiti, alikuja na ombi.

"Bibi, nataka kupima uhusiano kati ya makaripio na alama za mtihani."

"Makaripio ya nani?"

"Yako."

Bibi Radi aliweka kikombe chini taratibu. "Na wataandika?"

"Wataandika."

"Kwa muhuri?"

"Kwa muhuri, Bibi."

Kabla jua halijazama mtaa mzima ulikwisha jua kwamba chuo kikuu kinakuja kuuthibitisha ulimi wa Bibi Radi. Yeye mwenyewe alitangaza, mlango hadi mlango, kwamba matokeo yatasomwa kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya kinyozi. Jina lake lote alikuwa amelipeleka huko, na hakubakiza hata kidogo nyumbani.

Masharti ya utafiti ndiyo yaliyomshinda. Watoto walioanguka vibaya kuliko wote wangepigiwa kura kwa vifuniko vya chupa: nusu wakaripiwe, nusu wakae mbele ya Bibi muda uleule bila kuambiwa neno.

"Nikae na mtoto aliyeandika kwamba nusu na robo ni mbili, halafu ninyamaze?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nitapasuka."

"Utatazama pembeni. Na kuna la pili. Wale waliofanya vizuri kuliko wote nao tutawapigia kura, nusu yao uwasifu."

"Hilo siliwezi. Silijui hata linaanzia wapi."

Jumamosi ikafika. Waliokaripiwa walikaripiwa kweli. "Wewe! Baba yako anatengeneza saa za mji mzima, na wewe unaulizwa saa moja ina dakika ngapi, unajibu 'inategemea'? Inategemea nini? Hali ya hewa? Na huo mkono wa kushoto ulikwenda mtihanini kufanya nini, kushikilia shavu?" Mtoto wa fundi saa, kwa mazoea, alikuwa amekuja na kitambaa chake cha machozi.

Wa kukaa kimya ndio waliomtesa Bibi. Alivimba mashavu, akatafuna upindo wa mtandio. Mmoja wao, mtoto mnene mwenye amani zake, alibembea miguu, akapiga miayo, akalala. Akaanza kukoroma. Bibi Radi hakuruhusiwa hata kukohoa.

Kisha zikaja sifa. Aliletewa msichana mdogo aliyekuwa wa kwanza.

"Umefanya," alisema Bibi, akameza mate. "Umefanya si vibaya. Kwa mtu mwenye kichwa kidogo hivyo."

"Bibi!" mjukuu alinong'ona.

"Subiri, inakuja. Umefanya... vizuri. Haya, ondoka upesi kabla sijaharibu."

Mtihani wa pili ukafanywa, na siku moja kabla ya mkutano mjukuu alirudi na karatasi kubwa iliyojaa nukta, akaibandika ukutani. Kila nukta, alieleza, ni mtoto mmoja. Ukisoma kwenda pembeni unaona alama zake za kwanza, ukisoma kwenda juu unaona za pili.

"Niliowakaripia wako wapi?"

"Hawa wekundu. Wamepanda, Bibi."

Bibi Radi alipiga kigelegele kilichomtoa paka jikoni.

"Na hawa wa bluu ni wale uliowanyamazia," mjukuu aliendelea kwa sauti ndogo. "Wamepanda vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Sawasawa."

"Hata yule aliyekoroma?"

"Yule ndiye aliyepanda kuliko wote."

Bibi alikaa. "Na niliowasifu?"

"Wameshuka kidogo."

"Unaona!"

"Na wenzao ambao hukuwasifu wameshuka kidogo vilevile." Mjukuu alipiga magoti karibu naye. "Bibi, alama za siku moja zina anayoyajua mtoto, na zina siku yenyewe. Aliyeshika mkia kabisa huenda hajui sana, lakini pia siku hiyo jino lilimuuma, kalamu ikakauka, na alilolisoma halikuulizwa. Nuksi zote hizo hazirudi pamoja. Mtihani wa pili anasogea juu, kuelekea wastani wa wenzake. Na wa kwanza kabisa, siku ilimpendelea; safari ya pili anarudi chini kidogo. Ndio tunaouita mrejeo. Unatokea ukisema, na unatokea ukinyamaza."

"Mizani yako ina kutu," alisema Bibi. "Kesho husomi kitu. Utasema muhuri haujafika."

"Nikidanganya nitafukuzwa chuo, Bibi."

"Na ukisema kweli, mimi niliyekulea nijifiche wapi?"

Walikula kila mtu na upande wake wa meza.

Kesho yake, wakati wa kwenda mkutanoni, mvua ilishuka. Bibi na mjukuu walisimama barazani, mwavuli mmoja. Mvua ikazidi, ikapiga mabati hadi mtu hasikii mawazo yake, na ndipo mlango wa kinyozi ukafunguka. Alitoka na suti yake ya mkutano, sufuria mkononi. Ngwa-ngwa-ngwa! Mvua ikalegea. Kinyozi akainama.

"Mtazame huyo!" Bibi alicheka, akasahau kwamba wamenuniana. "Anangoja mpaka imwagike kupita kiasi ndipo..."

Kicheko kikakatika. Alimtazama kinyozi. Akageuka, akakitazama kiti chake cha Jumamosi.

"Ndipo anatoka," mjukuu alimalizia polepole.

"Nyamaza." Bibi alifungua mwavuli, akatembea hatua chache. "Sufuria yangu angalau ilikuwa na sauti nzuri."

Mkutanoni mjukuu alisimama na karatasi zake, akamtafuta bibi yake kwa macho. Bibi Radi alikaza mtandio. "Soma," alisema. "Yote." Akasoma yote. Kinyozi akacheka hadi akapiga paja.

Bibi Radi akainuka. "Cheka, jirani, cheka sana, maana wewe na mimi tuna kazi moja. Mimi niligonga watoto kwa maneno, wewe unagonga sufuria, na mvua zote mbili zilikuwa zinapungua zenyewe." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na cha kinyozi kikafa hapohapo. "Na mtu asije kwangu kudai nirudishe maneno niliyomkaripia mwanawe. Yamekwisha tumika."

Mke wa fundi saa ndiye aliyeanza kumpigia makofi.

Walipofika nyumbani, Bibi alisimama mlangoni, akahangaika na ufunguo muda mrefu kuliko kawaida.

"Ulisoma vizuri," alisema bila kugeuka. "Na kazi yako ni nzuri."

Mjukuu alipigwa na butwaa, akarudi nyuma, akakanyaga ndoo, na maji yakaenea baraza lote. Bibi Radi akafungua kinywa. Radi ilikuwa imefika kooni. Akakifunga.

"Huo nao ndio mrejeo?"

"Hiyo ni ndoo tu, Bibi."

"Haya." Alikiokoa kiti chake kwenye maji, akakifuta kwa mtandio, akakisukuma mbele ya mjukuu wake. "Jumamosi watakuja tu, akina mama wale hawasomi nukta. Ulimi wangu nimeustaafisha. Wewe keti hapa uwafundishe nusu na robo."

"Sawa, Bibi."

"Lakini upige kura kwanza. Nusu yao niachie mimi nikae nao tu, walale wakitaka. Wakipanda sawasawa na wako, basi sufuria ipo kwa kinyozi, nenda ukaazime."